Mti Tuliouvua Majani Makavu

Niliondoka Kasikeu kwa sababu ya njaa, na kwa sababu ya Musembi, nyapara. Mvua ilikataa, ng'ombe wakaisha. Musembi akaja sokoni kutafuta wapagazi wa Mzungu anayekusanya mimea juu ya Kilimanjaro. Kila mtu angepewa blanketi. Dada yangu Mwende akaniambia, "Mume wangu anakufuata wewe. Umrudishe." Nikasema nitamrudisha.

Moshi tulishuka kwenye treni, blanketi hakuna. "Ziko mbele," Musembi akasema. Uongo. Alikuwa ameziuza palepale. Mwenye duka aliniambia mwenyewe niliporudi.

Siku ya nne msitu uliisha, tukaingia jangwa la mawe. Mchana jua linakuchoma, asubuhi maji kwenye kibuyu yamekuwa jiwe. Huko kuna miti minene, mirefu kuliko mtu, imevaa majani makavu kutoka shingoni mpaka chini. Kioko, shemeji yangu, akacheka huku meno yakigongana. "Aiya! Mwenye shamba hili ni mvivu. Muwa wangu haukai hivi." Kwetu muwa hupururwa majani makavu ili upate hewa. Musembi akatuamuru tuuvue mti mmoja, tupate kuni. Tukaupurura, mimi na Kioko, ukabaki uchi.

Mzungu akaja anafoka, Musembi akitafsiri. Alisema jioni majani mabichi ya mti huo hujikunja kama ngumi kufunika chipukizi. Yale makavu ndiyo blanketi la shina. Ukiyatoa, maji ya ndani yanaganda, na jua likitoka mti unakufa kiu.

Nikatia mkono chini ya majani ya mti wa pili. Baridi haikuwa imefika humo. Mbio nikajaza shati langu majani makavu tuliyokuwa hatujayachoma. "Shemeji, jaza na wewe."

"Mimi si kiota cha kuku."

Alfajiri nilimwita, hakuitika. Nilimtikisa, alikuwa mgumu.

Nikasema namshusha. Musembi akasema, "Utabeba sanduku la Mzungu. Ndilo lililokuleta." Tukamlaza kando ya ule mti tuliouvua. Siku kadhaa baadaye, tukishuka, ulikuwa umenyauka.

Kasikeu nilimkuta Mwende mtoni anapurura miwa. Aliangalia nyuma yangu kwanza. Nikamwambia yote, kosa la Musembi, na langu pia. Nikamwambia nilichojifunza: mti ule hautupi majani yake yaliyokufa, unayashika mwilini, ndiyo maana unaishi.

"Na wewe," akauliza, "ulimfunika na nini?"

"Mawe," nikasema.