Nilikataa Kukaa Kigarini

Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, shemeji yangu alibisha mlango wangu hapa mtaa wa Ziwani, jijini, akiwa amevaa koti la marehemu mume wangu. Mfukoni mwa koti hilo alikuwa na kitabu cha usajili wa pikipiki yetu, na mkononi ufunguo wake. Nyuma yake alisimama baba yao mdogo, mzee wa ukoo, ambaye alikuwa amesafiri naye kutoka magharibi mwa nchi ili awe shahidi. Walikuja kuchukua pikipiki.

Haki yao, kama walivyoieleza, ilitokana na siku ya kunyoa. Mume wangu alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari. Tulimzika kwao Jumamosi tarehe 15, na Jumanne tarehe 18, kwa desturi ya upande wetu, wafiwa tukanyolewa nywele na vitu vya marehemu vikagawanywa mbele ya ukoo. Siku hiyo mjane hukaa mkekani na hasemi neno. Walipoitaja pikipiki na kumpa shemeji huyu, mdogo wa marehemu, nilikuwa nimeinamisha kichwa, wembe ukipita juu ya sikio langu, na kimya changu kikachukuliwa kuwa kibali. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Mtu mwenye wembe sikioni hawezi kusemwa kwamba amekubali chochote.

Sikuwapinga kuhusu koti. Sikuwapinga kuhusu redio wala saa ya mkononi. Pikipiki ilikuwa jambo jingine, na ni lazima nieleze kwa nini.

Ni pikipiki yenye kigari ubavuni, upande wa kushoto: kitu chenye umbo la kiatu kikubwa, kiti kimoja ndani, gurudumu moja chini, kilichofungwa kwa vyuma vinne kwenye fremu. Mume wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Siku aliyoileta nyumbani ilikuwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997. Tarehe hiyo niliiishi kwanza, kisha nikaisoma miaka mingi baadaye, nyuma ya picha aliyotupiga jirani. Nilipopigwa picha ile sikujua kusoma hata jina langu.

Watu hudhani raha ya chombo hiki ni ya kushangaliwa barabarani. Kushangaliwa kupo, sikatai. Vijana wa mtaani hawajawahi kuniacha nipite bila neno. "Mathe, niaje! Hiyo chuma imebeba mtoto mbavuni!" hupiga kelele wakiwa wamekaa ukutani, nami huwajibu kwamba mtoto huyo amewazidi umri. Lakini raha yenyewe iko kwingine. Abiria wa pikipiki ya kawaida hukaa nyuma, akikumbatia mgongo wa mtu na kuona shati lake. Abiria wa kigari hukaa kando. Njia yote iko mbele yake kama ilivyo mbele ya dereva. Akigeuza uso, anaona uso wa mwenzake na si kisogo chake, na wanaweza kuzungumza. Mimi na mume wangu tuliamua mambo yetu makubwa yote kati ya Ziwani na Eastleigh: shule za watoto, ugonjwa wa mama yangu, hata ugomvi wetu mwingi tuliumalizia humo, kwa maana ni vigumu kumnunia mtu huku mmefungwa kwenye chombo kimoja na mvua inawanyeshea wote wawili.

Tena kigari hukaa chini. Ukiwa humo macho yako yanalingana na macho ya watoto wa shule, na meza za wauza mitumba, na maandishi yaliyopakwa rangi ubavuni mwa mikokoteni. Nilipoanza darasa la ngumbaru, Jumatatu tarehe 5 Machi 2012, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, nilijifunza herufi ubaoni lakini maneno niliyasomea kigarini. Kinyozi. Uji moto. Usikojoe hapa. Mume wangu alipunguza mwendo kila penye bango, na wenye magari waliokuwa nyuma yetu walipiga honi na kututukana. Niliendelea kusoma. Kabla ya mwaka huo tarehe zilikuwa mali ya watu wengine. Tangu hapo ni zangu, na ndiyo maana sizitupi ovyo.

Jambo la mwisho ni gumu kulieleza kwa asiyepanda. Chombo hiki hakilali kwenye kona kama pikipiki nyingine. Ukiongeza mafuta huvuta kushoto, ukifunga breki hukimbilia kulia, na ukikata kona ya kushoto kigari kikiwa kitupu, gurudumu lake huinuka hewani. Kwa hiyo abiria wa kigari si mzigo wa kubebwa tu. Uzito wake ndio unaokishikilia chini. Kwa miaka ishirini na sita niliegemea kushoto kila kona ya kushoto bila kuambiwa, na mume wangu alikata kona hizo akijua nimeegemea. Nilikuwa nikiendesha nusu ya chombo kile kabla sijagusa usukani.

Usukani niliugusa Jumapili tarehe 4 Juni 2023, magoti yake yalipoanza kumsumbua. Alikaa kigarini, nikakaa mimi juu, na mchana huo nilibomoa jiko la makaa la jirani yangu, mama mmoja wa kutoka upande wa Nyeri anayeuza viazi vya kukaanga. Alinisamehe kabla vumbi halijatulia. Akina mama wa kanisani hawakuwa wepesi hivyo. "Mama wa umri wako hupanda mbegu," aliniambia mmoja wao, "hapandi pikipiki." Nilimjibu kwamba hapa Ziwani sina shamba. Leseni niliipata Jumatano tarehe 17 Aprili 2024. Mtahini aliponiona kwenye foleni aliniuliza nimemsindikiza nani. Nikamwambia siku hiyo ni zamu yangu ya kusindikizwa. Mtihani hufanywa kwa magurudumu mawili, kwa hiyo ilinibidi nijifunze kuendesha mara mbili; vijana waliofaulu nami walijifunza mara moja.

Basi hiyo ndiyo pikipiki aliyoijia shemeji yangu. Niliwapa chai wote wawili, kwa kuwa wageni ni wageni, na shemeji akanieleza mpango wake pasipo kuona haya. Yeye ni mwendesha bodaboda huko nyumbani, mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne. Alikuwa na fundi wa kuchomelea huko Mathare aliyekuwa akimsubiri.

"Atakikata hicho kigari leo hii, shemeji," alisema. "Kinakula mafuta bure. Pikipiki itabaki nyepesi, nibebe abiria wawili nyuma."

"Na kigari?"

"Ni chuma kikuukuu tu. Kitapimwa kwenye mizani."

Mzee alikohoa. "Mke wetu," akaniambia, "jambo hili lilikwisha kuamuliwa nyumbani, na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo, baba, lakini sikuulizwa. Leo mko kwangu na nywele zangu zimeanza kuota. Niulizeni."

Hawakuniuliza. Shemeji alitoka nje, akaifunua pikipiki pale uwanjani kati ya nyumba, akaiwasha. Nilimwonya. Nilimwambia wazi, mbele ya jirani yangu na ya watu waliokwisha kukusanyika, kwamba haiendeshwi kama bodaboda, na kwamba kigari kitupu kina tabia zake.

"Shemeji, hizi ni kazi zangu," akasema.

Kufikia lango la mtaa ni lazima ukate kona moja ya kushoto. Aliifikia kwa mwendo wa mtu mwenye uzoefu, akaegemeza kiwiliwili chake na kungoja pikipiki ilale pamoja naye. Haikulala. Kigari kilipaa hadi usawa wa goti lake. Aliogopa, akaukazia usukani upande usiofaa, na chombo kizima kikamwingiza kwenye ua wa kayaba, ambao miiba yake inafahamika kwa kila mtoto aliyekulia Ziwani.

"Bodaboda ya ushago imepotea njia!" kijana mmoja alipaaza sauti, ushago likiwa neno lao la kijijini.

"Mtoeni polepole," akasema jirani yangu. "Hilo koti ni la marehemu, lisichanike."

Hakuumia ila mikwaruzo. Tuliisukuma pikipiki hadi uwanjani, naye akasimama akichomoa miiba mikononi, akitazama kigari, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu si mjinga na alikuwa amekwisha kuelewa.

"Kinataka uzito," alisema.

"Kinataka uzito," nikakubali.

"Basi panda, shemeji. Kaa hapo kama siku zote. Tufike Mathare tu, kisha nitakutafutia gari la kukurudisha."

Nimesikia maombi mengi maishani, lakini sijasikia jingine kama lile. Nilitakiwa niketi kwenye kiti changu, niegemee kushoto kwa ustadi wangu mwenyewe, ili kiti hicho kifikishwe salama kwa mtu wa kukikata. Nilikuwa na hasira, ila sauti yangu ilitoka taratibu, nami nafurahi ilitoka hivyo.

"Sikai kigarini leo," nikasema. "Si kwa ajili yako, wala si kwa ajili ya ukoo. Kama desturi imekupa pikipiki hii, desturi na ikae humo iishikilie."

Mzee akajitolea kuwa uzito, na jirani yangu akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mzee, wewe nakuinua kwa mkono mmoja pamoja na karai la viazi," akamwambia. Mzee mwenyewe alicheka kabla ya wengine. Kijana wa ukutani akapendekeza mawe. Shemeji alitazama huku na huku akitafuta mawe, na watu wote, hata wale ambao siku nyingine hunicheka, wakaanza kutazama angani.

Ndipo nikatoa ufunguo wangu. Funguo zilikuwa mbili tangu mwanzo. Wao walichukua mmoja na hawakuuliza habari za wa pili.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa saba. Pikipiki ilikuwa ipakiwe juu yake."

"Panda nikupeleke stendi. Baba amesema yeye atalala kwa binti yake hadi Jumatatu."

"Nipande wapi?"

"Hapo ulipotaka nikae mimi."

Nilidhani atakataa. Kukataa kungekuwa rahisi kwake kuliko kupita mbele ya vijana wale akiwa amekunja magoti ndani ya kigari cha mwanamke. Lakini alikuwa amechoka, na mikono ilimuuma, na mzee akamwambia kwa lugha ya kwetu jambo ambalo sitaliandika hapa. Akapanda.

Kona ya lango nilimwambia aegemee kushoto, akaegemea kidogo mno. Nikamwambia tena, kwa sauti. Mpaka tunafika Kariokor alikuwa amekwisha kujua. Mikono yake, iliyokuwa imeshikilia ukingo wa kigari kwa nguvu, ililegea, mmoja ukabaki pajani. Mama muuza ndizi alinipungia mkono, naye akampungia. Watoto wawili waliovaa sare za skauti walipiga saluti kigarini na hawakuipiga kwangu. Tulipokwama nyuma ya mkokoteni uliobeba magodoro, niligeuka nikamwona anasoma maandishi yaliyokuwa nyuma ya mkokoteni huo.

"Alikuwa akikukalisha hapa siku zote?" aliniuliza.

"Hakuwahi kunikalisha. Nilikuwa nikikaa."

Mkokoteni ulisogea, naye akageuza uso kunitazama. "Kumbe mtu huona kila kitu," akasema. Nilikuwa na kazi ya kuendesha, na sikuwa tayari kumlainikia mapema hivyo.

Stendini alishuka akinyoosha mgongo. Wapiga debe watatu walimvuta kila mmoja kwenye basi lake, akawaondoa, akarudi kwangu. Alitoa kitabu cha usajili kutoka mfuko wa ndani wa koti, akakishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wazee wataniuliza," alisema. "Nitawaambia nimekupa."

Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono, lakini nikaurudisha. "Hapana. Usiwaambie umenipa. Hukuwa nacho cha kunipa. Waambie nimekataa. Neno hilohilo, shemeji, mbele yao wote: amekataa."

"Watasema umekuwa mkali tangu ujue kusoma."

"Watakuwa wamesema kweli."

Alinitazama, nami nikamtazama. Ana macho ya kaka yake. Hilo halikunisaidia, wala sikuliruhusu linizuie. Mwishowe aliweka kitabu kwenye kiti cha kigari, hakukiweka mkononi mwangu, na nikaona kwamba kila mmoja wetu alikuwa amehifadhi alichokihitaji. Jina langu liliingizwa kwenye usajili Ijumaa tarehe 11 Aprili. Niliijaza fomu mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na karani aliponiambia nipige kidole kwa wino nilimwomba kalamu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile basi lilikuwa limewashwa tayari na kondakta akipiga ubavu wake kwa kiganja. Shemeji alipata kiti cha dirishani. Nilikuwa nikigeuza pikipiki pale penye nafasi finyu, na wapiga debe wakinielekeza kana kwamba niliwaomba, aliposukuma kioo na kutoa kichwa nje.

"Shemeji! Breki ya nyuma inalia!"

"Inalia tangu Jumanne," nikamwambia. "Nimeshaagiza nyingine."