Iko na Yuko

Kwa miaka mingi nilikana, tena kwa ufasaha, kwamba binti yangu hazungumzi Kiswahili. Nilikuwa na jibu langu, lile lile tulilonalo wazazi wote wa Stockholm kutoka Rinkeby hadi Norsborg: anaelewa kila kitu, ila ana aibu tu. Nikisema hivyo yeye husimama kando yangu kama mtu anayesubiri basi, kisha huniuliza kwa Kiswidi tunaondoka lini.

Aibu yenyewe ilikuwa yangu. Nimesomea Kiswahili chuo kikuu, naandika makala kwa Kiswahili, na ukinialika kwako nitazungumzia Kiswahili hata kama uliniita nionje sambusa. Ndiyo maana majira yale ya baridi niliombwa kutoa mhadhara kwenye maktaba moja, juu ya namna ya kuuenzi urithi wetu watu weusi bila kuishia kwenye ngoma na vitenge. Nilizungumza vizuri. Nilisema tununue kwenye maduka ya wenzetu, tuwatembelee wazee wetu wanaoshinda peke yao mbele ya televisheni wasiyoielewa, na zaidi ya yote tuwape watoto lugha. Hapo nikanyamaza kidogo, kama wafanyavyo wahubiri. Watu wakapiga makofi.

Wakati wa kahawa akanijia mwalimu mmoja, Mrundi wa makamo, aliyekuwa akisafiri kutoka Norsborg kule mwisho wa laini nyekundu ya treni ili kufundisha Kiswahili shuleni kwa binti yangu. Alinisifu kwanza. Kisha akaniambia darasa lake lina watoto wanne, na shule italifuta asipopata wa tano. Mwisho wa kuandikisha ulikuwa Ijumaa ya wiki ile.

Nilimwahidi mambo mengi papo hapo. Ningeandika makala. Ningezungumza na wazazi. Ningekuja darasani mimi mwenyewe, kila wiki, kumsaidia upande wa sarufi.

"Dada," akasema, "hotuba umeshanipa. Mimi nataka mtoto."

Nikamjibu kwamba ratiba ya binti yangu ni ngumu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniuliza kama na hiyo ratiba inaelewa kila kitu, ila ina aibu tu.

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa nikitafsiri katika ofisi moja ya Kista, na asubuhi moja nilipitiliza kituo changu, nikashuka, nikapanda treni ya kurudi, nikakipitiliza tena kwa upande wa pili. Nyumbani nilipanga vitabu upya kwa rangi, jambo ambalo huwa nawacheka wanaolifanya. Nilimpigia mama yangu Tanga nikamlalamikia mambo yote, pamoja na hali ya hewa. Nikianza kupika naacha, nikianza kuandika nasimama. Sababu niliijua, ila nilikuwa naizunguka.

Binti yangu alipokuwa mdogo, bado hajaanza shule, aliingia sebuleni tukiwa na wageni akatangaza kwamba mwalimu wake wa chekechea "iko mgonjwa". Nilimsimamisha katikati ya zulia. Nikamweleza kwamba mtu yuko, kitu ndicho kiko, na nyumba ndiyo iko. Nikamtaka arudie. Akarudia, wageni wakacheka kwa upendo, nami nikajiona mama bora kabisa. Tangu siku hiyo alinijibu kwa Kiswidi, lugha ambayo mimi ndiye ninayeikosea na yeye ndiye anayenyamaza kwa adabu.

Alhamisi nilikwenda kumchukua Rinkeby, kwa mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akisuka watoto sebuleni kwake. Binti yangu alimwita tantine, kama Wakongo wanavyowaita shangazi zao. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi nikihema. Nilipofika mlangoni nikasikia vicheko, kisha sauti ya msichana akisimulia, kwa Kiswahili cha mbio kisichojiuliza mara mbili, habari za mama mmoja anayesahihisha watu hata wakiwa wanasali. Nilichukua muda kutambua kwamba sauti ile ni ya binti yangu. Nilichukua muda zaidi kutambua kwamba mama huyo ni mimi.

Nikabonyeza kengele. Kiswahili kikazimika kama taa.

"Anaongeaka muzuri sana," tantine akaniambia, akimalizia msuko wa mwisho. "Ni kwako tu anafungaka kinywa."

Ndani ya treni nilimwomba binti yangu ajiandikishe. Nilimweleza habari za mwalimu, za wale watoto wanne, na kwa bahati mbaya habari za urithi. Alitazama ukuta wa mwamba wa handaki ukipita dirishani kana kwamba ndio unaomsemesha. Kisha akasema hapana, neno moja la Kiswidi ambalo sijawahi kukosea kulielewa.

Tulipofika nyumbani niliingia bafuni kuosha nywele, maana mtu akishindwa kabisa lazima aoshe kitu. Simu ikalia mara moja ikakatika. Huyo alikuwa mama yangu. Mama yangu hapigi simu, anabipu, nasi tunakwangua kadi na kumpigia. Nikajua nitampigia nikitoka.

Ila nikasikia tarakimu za kadi zikibonyezwa. Kisha:

"Shikamoo, Bibi. Mama iko naoga."

Nilishika kitasa cha mlango. Masomo yangu yote yalinipanda kooni, na neno "yuko" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kule upande wa pili mama yangu alikuwa anacheka, na kicheko chake hakihitaji simu. Akamuuliza mjukuu wake nani kamfundisha Kiswahili hicho cha bara. Wakaanza kuzungumza. Walizungumzia theluji, nywele, na goti la bibi. Binti yangu akauliza kama mguu iko nauma sana. Hilo nalo nikalimeza, pamoja na povu kidogo.

Kisha bibi akauliza swali refu, na katikati yake nikasikia neno darasa.

"Nitaenda," binti yangu akajibu. "Kama mama haiji."

Haiji, kama treni. Nilitoka bafuni povu likinichuruzika shingoni, naye akanipa simu bila kunitazama.

"Umelisikia sharti?" mama yangu akauliza.

"Nimelisikia."

"Basi litamke, mtoto akusikie."

Binti yangu alikuwa amesimama pale na misuko yake mipya, akisubiri, safari hii bila kuuliza tunaondoka lini.

"Mama haiji," nikasema.