Masizi kwenye Swichi ya Oveni ya Mama Zaina

Hii nawasimulia kwa sababu nusu yake mshaisikia mtaani, na hiyo nusu wameitia chumvi, wanasema eti nilimpaka mkwe masizi usoni. Uongo. Usoni sikumpaka, ilikuwa mikononi, na hakuwa peke yake. Aibu ni yangu, bora niitoe mwenyewe.

Mimi natengeneza majiko ya gesi, yale ya plati mbili, hapo mjini Morogoro. Nina kimeza changu na bisibisi nne, na darasa la saba nilimaliza nikiwa wa pili (kutoka mwisho, lakini wa pili ni wa pili). Mchumba wangu anaitwa Zaina, wa Bigwa, na mama yake anaoka keki na mikate ya kuuza kwa oveni kuukuu ya gesi aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ile oveni ilikuwa na kasoro moja, namba zake zinasema uongo, ukiiweka mia na themanini ndani inawaka kama mia mbili na kitu, kwa hiyo mama wa watu akawa anaoka kwa kukisia na pua. Zimebaki wiki mbili mshenga wangu, Mzee Salehe, apeleke barua ya posa, Zaina akaniambia, "Chidi, mama anauliza, oveni unaiweza?"

Oveni nilikuwa sijawahi kufungua hata moja. Nikasema naiweza.

Nikaenda, nikafungua nyuma, nikafungua ndani, nikakuta kibomba cha shaba chembamba kama spoku ya baiskeli, kinatokea kwenye swichi ya kuzungushia moto kinaingia mpaka ndani ya oveni, na kichwa chake, kinene kama kalamu, kimebanwa kule juu ukutani. Kwenye plati mbili hakuna kitu kama hicho, nikakitilia shaka palepale. Nikajisemea hii ni janja ya fundi aliyetangulia, kaweka mambo yake humu ili aitwe tena, na kikiendelea kukaa kwenye moto siku moja kitalipuka nyumba iruke mpaka Kinole kule mlimani. Nikakichomoa, nikakikunja vizuri, nikakifunga kwa waya nyuma ya oveni kwa nje, kwenye ubaridi. Nikawasha, moto ukawaka. "Mama, tayari," nikasema huku naangalia sakafu, maana mkwe hakodolewi macho. Akasema, "Ahsante, baba," akanifungia mkate niende nao.

Keki ya kwanza ikaungua juu, ndani uji.

Zaina akapiga simu. "Umeifanya nini hii oveni?"

"Nimeitengeneza. Nani aliingia jikoni?"

"Kuingia jikoni kunahusiana na nini?"

"We jibu."

"Mjomba tu, alipita kuchukua maji."

Mjomba. Nikakaa chini kabisa. Huyu ni Mjomba Kibwana, kaka yake Mama Zaina, kateremka kutoka Kinole na vifurushi vya mdalasini na pilipili manga kuja kuisubiri barua yangu. Na kwa Waluguru tusidanganyane, baba wa binti anaweza kukupenda mpaka akakupa shati lake, lakini mjomba akisema hapana ni hapana, mtoto ni wa ukoo wa mama. Yaani ndoa yangu nzima ilikuwa mdomoni mwa mzee mmoja, na mzee mwenyewe alikuwa na tabia ya kunitazama, ananitazama kama mtu anayekagua pilipili manga za mwenzake, anatafuta zilipochanganywa na mbegu za papai. Siku moja akaniuliza, "Kijana, huwa unaamka saa ngapi?" Sasa niambieni, swali kama hilo linaulizwa kwa nia njema? Nikajua ana mtu wake huko mlimani, mwenye shamba la karafuu, anataka nionekane fundi kanjanja.

Mikate nayo ikaungua. Alhamisi nikapita karibu na dirisha la jikoni (napita tu, ila kwa kunyata), nikamwona kwa macho yangu haya, kainama, mkono kwenye swichi, anazungusha, halafu anageuka kuangalia mlangoni kama mwizi wa kuku. Ningeingia nikampa shikamoo nikamuuliza, mkasa ungekufa palepale. Mimi nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, nimefurahi kabisa, nimeshampata.

Jumapili ndiyo siku ya barua. Kawaida mwoaji siku hiyo anakaa kwao, na Mzee Salehe aliniambia hivyo kwa kunitazama machoni, ila mimi nikatangulia, nikasema nimekuja kukagua oveni. Kulikuwa na keki ya wageni ndani. Swichi yenyewe nyeusi, basi nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikachanganya na grisi kidogo, nikaipaka taratiibu, huwezi kujua. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, mbele ya wazee wote, mwenye mkono mweusi ndiye mhujumu.

Kitu ambacho sikukihesabu ni kwamba sisi watu tunasalimiana.

Mzee Salehe akafika na kanzu yake nyeupe. Mjomba Kibwana akatoka jikoni, akampa mkono, na Mzee Salehe kama kawaida yake akishasalimia anaweka kiganja kifuani. Mjomba akampokea dada yake sinia la chai, dada yake akalipokea tena kwake. Mjomba akanijia mimi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, kumbe na wewe upo," akanyoosha mkono, nami kwa adabu nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili. Umeme ulikuwa umekatika, nje mvua inakuja, mlima wote umefunikwa na ukungu, sebuleni giza-giza, hakuna aliyeona kitu. Tukakaa. Mzee Salehe akatoa bahasha mfukoni. Hapo nikasimama.

"Wazee wangu, samahani, kabla barua haijapokelewa. Humu ndani kuna mtu anamhujumu mama kwenye oveni yake. Naomba kila mtu anyooshe mikono."

"Chidi, kaa," Zaina akasema, sauti ya chini kabisa.

Sikukaa. Nikawasha tochi ya simu. Nikammulika mjomba, mweusi. Nikatabasamu. Nikammulika Mama Zaina, mweusi. Nikammulika Mzee Salehe, mweusi, na kifuani kwenye kanzu kuna kiganja kizima na vidole vyake vitano kama mtu kapigwa muhuri, na bahasha ya posa nayo imeshapata vidole vyake. Tochi ikaanza kuteleza mkononi, nikaangalia kwa nini inateleza. Yangu ilikuwa myeusi yote miwili.

"Sasa mhujumu ni yupi?" Mzee Salehe akauliza polepole. "Maana mimi nimekuja na barua tu."

Hapohapo moshi ukaingia sebuleni. Zaina akakimbilia jikoni, tukasikia mlango wa oveni, halafu kikohozi.

Mjomba Kibwana hakuinuka. Alikuwa anaangalia kiganja chake, anasugua kidole kwa kidole, ananusa. "Hii ni grisi," akasema. "Anayeigusa oveni ni mimi, kijana, unayemtafuta ni mimi. Tangu uitengeneze, hata mtu aiweke namba ndogo, moto ni uleule, haupungui. Ndiyo naingia naizima ipoe kidogo, naiwasha tena. Naiba muda dada yangu akiwa uani. Keki mbili tatu zimepona hivyo. Nilisema nikimwambia, atamkataa huyu mtoto kabla barua haijafika, na huyu mtoto mimi nilikuwa nimempenda. Ana maneno mengi, ila anaamka mapema."

Mtu akikutukana unajua pa kushika. Hapa nilishika ukuta (nikauachia kiganja na wenyewe).

Zaina akarudi amebeba keki nyeusi. "Mama, kile kibomba cha shaba si kilikuwa ndani? Nimekikuta kimefungwa nyuma kwa waya."

Wote wakanigeukia. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba nilikitilia shaka.

"Hicho ndicho kinachopima moto," Mama Zaina akasema. Hakugomba, na ndiyo mbaya zaidi. "Kikiwa nje kwenye baridi, oveni itajuaje kama imepata moto? Na mimi sikukuita ufungue nyuma, baba. Chini ya hiyo swichi, ukiichomoa, kuna skrubu ndogo, ukiizungusha kidogo namba na moto vinapatana. Aliyeniuzia alinionyesha. Macho yangu ndiyo hayaioni tena. Nilitaka tu mwenye macho."

Yangu yote mawili nilikuwa nayo dirishani, namchungulia mjomba.

Mzee Salehe akanyoosha ile bahasha. Mjomba akaitazama alama zake, asiipokee. "Rudi nayo, mzee mwenzangu," akasema. "Asiyejua anafundishika. Huyu anatega watu. Ngoja kwanza." Tukaondoka na mvua, Mzee Salehe mbele, na kila akifika penye mwanga anaficha kifua kwa mwavuli.

Miezi mitatu ikapita. Zaina alikuwa anapokea simu zangu, ila kwa majibu ya neno mojamoja. Mimi kwenye kimeza changu nikajifunza kuuliza, mteja akileta jiko namuuliza lilianza lini, nani kaligusa, wewe unaonaje, mpaka mmoja akanambia mbona unanihoji kama askari.

Juzi simu ikaita, Mjomba Kibwana, kutoka Kinole. "Kijana, sola yangu hapa haichaji. Unaiweza?"

Nikaitilia shaka hiyo simu. Ananipima? Sola yenyewe ni nzima, au kaichomoa waya mwenyewe anisikilize nitasema nini? Ulimi ulishafika kwenye "naiwe", nikaurudisha.

"Sola siijui, mjomba. Ila nikija unaweza kunionyesha ilivyokuwa kabla haijaharibika, tukaitazama wote."

Nikasikia kuku wake wanalia.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Na yule mzee wako, mwambie aandike barua nyingine. Ile ilichafuka."