Taa Nyekundu Upande wa Lushoto

Mtu asiniambie nilikuwa ndotoni. Nilikuwa macho, na baridi ya alfajiri ilinitafuna masikio. Mwenye kucheka na acheke. Yeye hakumzika niliyemzika mimi.

Miaka ile ya Ujamaa tulishushwa kutoka Vuga milimani, tukapangwa bondeni kando ya bwawa. Sisi watu wa migomba na mahindi tukapewa boti ndogo ya mashine, tuvue samaki! Bwana samaki wa serikali akaleta taa tatu, akamweleza mwenyekiti wetu wa kijiji huku Landrova inanguruma: ukitazama mbele, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, juu, dereva asiizibe kwa mgongo. Gizani mwenzako anaangalia rangi tu, ndiyo anajua unaelekea wapi. Kisha akaondoka. Mimi siku hiyo nilikuwa Soni nauza kabichi. Haya niliyajua msibani.

Mwenyekiti alisikia nini? "Nyekundu Lushoto." Kwake ilikuwa sawa kabisa. Kule bondeni kila kitu kilitoka Lushoto: amri, mbegu, hata mvua. Boti ilikuwa imefungwa ufukweni, milima ya Lushoto iko kulia kwake, basi Hoza, mdogo wangu, akaambiwa akaze nyekundu kulia.

"Mzee, boti ikigeuka je? Lushoto nayo itageuka?"

"Mghosi, bwana wee, unabishana na Chama?"

Hoza akakaza skrubu. Angefanya nini?

Alfajiri moja ya ukungu akaenda kutoa nyavu. Boti ya kijiji cha ng'ambo ikakutana naye. Dereva wa kule alizijua rangi: aliona nyekundu, akaamini Hoza anapita kushoto kwake, akakata kulia, kumbe Hoza naye anaelekea huko huko, akamgonga ubavuni.

Tulimtoa majini jioni. Mkutanoni mwenyekiti akasema taa ziko sawa, marehemu alikuwa mzembe. Bwana samaki alikuwa ameninong'oneza ukweli, lakini mbele ya watu akatazama viatu vyake. Nilimchukia kuliko mwenyekiti. Boti ikatengenezwa, taa zikaachwa vilevile, nikateuliwa mimi kuwa dereva.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikuta boti imefungwa, kamba yake nikaishika kwa mkono huu huu. Sasa niambie, ile iliyokuwa ndani ya ukungu, taa nyekundu ikizunguka na kuzunguka, ilikuwa boti gani? Haikuwa na mlio. Ikasogea. Hoza amekaa nyuma, shati linachuruzika maji.

"Shikamoo kaka."

Ulimi una mazoea yake. "Marahaba," nikaitikia.

"Kaka, Lushoto haitulii. Naielekeza taa kule, nikigeuza boti, imehamia upande mwingine. Nimechoka kuzunguka. Mwambie mwenyekiti aje anionyeshe."

Nikapiga kelele, "Kushoto, Hoza! Alisema kushoto!" Ukungu ulikuwa umeshamfunika.

Nilitafuta bisibisi nikabadili taa palepale. Kwa hilo nililazwa mahabusu, eti naharibu mali ya kijiji. Na taa je? Zikabaki nilivyozifunga mimi, na mwenyekiti akatangaza kwamba ndivyo alivyoagiza tangu mwanzo. Alizeeka kwa heshima zake zote. Mimi nilipanda mlimani Magamba kupasua mbao, na bondeni sijashuka tena.

Mama nilipomsimulia, aliuliza neno moja tu. "Ulimwitikia?"

Nikasema ndiyo. Akajifunika kanga usoni.

"Ungenyamaza angekwenda zake, mwanangu. Umempa sababu ya kurudi."

Na anarudi, niamini. Ukungu ukishuka Magamba namsikia nyuma ya nyumba, sauti haijazeeka hata kidogo. Simjibu. Nawe unayenisikiliza, ukiamkiwa ndani ya ukungu na mtu usiyemwona, funga mdomo, hata kama sauti unaijua. Hasa kama unaijua. Itakuuma, maana tumelelewa kwamba shikamoo haiachwi chini. Mdogo wangu ananiamkia, anangoja, kisha ananiamkia tena kwa adabu ile ile, akidhani sijasikia.