Huyu Romain Anaikala Wapi?

Mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwa kwenye maombi yale, ninaangalia viatu vyangu mpaka apite, kwa hiyo afadhali niwaelezee mwenyewe kuliko msikie kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi, na kisa hiki kilikuwa na chumvi ya kutosha toka mwanzo (chumvi ya karanga, mtaona).

Mimi ni mtu wa haya. Shule niliachia darasa la sita, walimu walipochoka kufundisha bila mshahara, na toka hapo mwalimu wangu alikuwa soko. Miaka ile watu wengi walikuwa wanahama Likasi, na kila aliyehama aliuza kisichoingia kwenye begi, na kitu cha kwanza kisichoingia kwenye begi ni kitabu. Vilikuwa vinatandikwa chini, juu ya gunia, kando ya mama wa karanga. Nilikuwa nasoma Kifaransa pole pole, kidole chini ya kila neno, lakini nilikuwa nasoma, na mtu asiyesema sana anakuwa na maoni mengi. Riwaya ya historia naipenda ikinieleza watu wa zamani walikula nini na walifua wapi. Mfalme akianza kuhutubia kurasa tatu, naruka, na sijawahi kupotea kwa sababu ya kuruka hotuba ya mfalme. Na riwaya za siri na mauaji nilikuwa nimezitungia sheria moja, nikijiona nina akili kuliko watunzi wote: usimtafute muuaji kati ya wakali, mtafute yule mpole, anayetoa vitu kwa mikono miwili.

Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilipata kitabu kimoja kisicho na jalada, cha zamani na cha mauaji pamoja. Ndani yake kulikuwa na daktari mmoja, katika mji uliozungukwa na vita, ambaye wake zake wawili walikufa, na sasa anamtembelea mjane mwenye binti. Binti huyo hakumwamini. Kila ukurasa nilikuwa nausoma mara tatu, na nadhani mtajua kwa nini, lakini mimi wakati ule sikujua.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama yangu Odette, mjane, aliyekuwa anauza samaki wa kukaushwa wa ziwa Tshangalele, na Kambo, mama yake mama, ambaye macho yalikuwa yamepungua lakini masikio yalikuwa yanataka habari. Kila mchana, tukichambua maharage, nilikuwa namsimulia Kambo kile nilichosoma asubuhi. Majina ya Wazungu yalimshinda. Nikisema jina, analigeuza, kesho analisahau, na hadithi inarudi mwanzo. Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kumsaidia bibi kizee: nikatia majina ya watu wa kwetu. Mto wao ukawa Lufira. Mfalme akawa mkubwa wa kampuni. Na daktari akawa Papa Célestin (papa kwetu ni baba).

Papa Célestin alikuwa muuguzi wa dispensari ya mtaa wetu. Dawa zilikuwa zimekwisha siku nyingi, lakini kila asubuhi alikuwa anavaa blauzi nyeupe ya uuguzi iliyopigwa pasi, anakwenda kuchemsha sindano, na kuwaambia wagonjwa maneno mazuri kwa sababu maneno ndiyo yaliyobaki. Naye mke wake alikuwa amekufa. Toka mwezi fulani alikuwa anapita kwetu kununua samaki, samaki wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, na mama alikuwa ameanza kuvaa kikwembe chake kipya siku za kazi. Nilijiambia nimechukua jina lake kwa sababu naye ni munganga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Halafu kitabu kikakatika. Kurasa za mwisho hazikuwepo, zimechanwa, karatasi sita hivi, na Kambo anangoja na maharage mkononi. Ningesema sijui. Lakini mwenye sheria yake hawezi kusema sijui, kwa hiyo nikammalizia mwenyewe: ni yeye, Papa Célestin, aliwapa wake zake wote wawili sumu ndani ya dawa, na sasa anamtafuta wa tatu. Kambo aliweka maharage chini. Kisha akaniuliza habari hii niliipata wapi, nami nikamjibu iko ndani ya kitabu. (Sikufikiri kwamba Kambo alijua vitabu viwili tu duniani, Biblia na kile kitabu kikubwa cha dispensari wanamoandika waliozaliwa na waliokufa, na kwake yeye kilichoandikwa mle ni kweli.)

Siku ya Jumapili, maombi ya mtaa yalifanyika kwetu, katika lupango, yaani uani, watu kama ishirini, na Papa Célestin alikuwa amekuja na shati la kitenge kwa sababu siku hiyo, baada ya maombi, alitaka kuzungumza na Kambo juu ya mama. Mama alikuwa amenifichulia asubuhi, akikunja na kukunjua kitambaa kilekile. Aliniambia kama Kambo akikataa, yeye hatamlazimisha.

Pasta akauliza nani ana hitaji la maombi. Kambo akasimama, akafumba macho, na sauti yake ilikuwa na huruma nyingi, hiyo ndiyo iliyoharibu kabisa.

"Bwana Yesu, umusamehe Papa Célestin. Aliuaka bibi yake wa kwanza na sumu mu dawa, akaua na wa pili, na sasa anatafuta mutoto yangu Odette. Umubadilishe roho, Bwana, kabla hajamaliza batu."

Na watu wote, kwa mazoea, wakajibu Amina. Papa Célestin pia alijibu Amina. Halafu akafungua macho.

Mama mmoja, aliyechomwa sindano juma lile kwa dawa aliyojinunulia, alianza kujisugua mkono. Mwingine alimwondoa mtoto wake aliyekuwa amelala magotini pa Papa Célestin, pole pole, kama mtu anayetoa sufuria motoni. Mama yangu alikuwa ameshika kile kitambaa na hakuweza kukikunja wala kukikunjua. Papa Célestin akasimama, akatafuta kofia yake, na nikajua akipita mlango wa lupango hatarudi tena, na kesho hakuna atakayempa mkono wake achomwe sindano.

Nilisimama. Nikakimbia ndani kuchukua kitabu, nikarudi nikikimbia, nikakanyaga ungo wa samaki wa mama, samaki wakaenda kila upande, na mimi nikaenda pamoja nao, nikafika mbele ya Pasta kwa magoti na kitabu juu ya kichwa. Na neno la kwanza nililolipata, la kusema riwaya, lilikuwa la Kifaransa.

"Hapana yee. Ni roman."

"Romain?" akauliza Kambo. "Huyu Romain ni nani tena?"

Watu wakaanza kuangaliana. Yule mama wa sindano akasema kuna Romain mmoja upande wa reli, kijana mwenye macho mabaya, na wawili wengine wakaitikia kwamba wanamjua, na Pasta, mtu wa haki, akanigeukia.

"Sema bila kuogopa, mutoto. Huyu Romain anaikala wapi?"

Katika dakika moja nilikuwa nimeua jina la mtu wa pili. Nikalia. Nikilia hivyo ndipo maneno yalipotoka, kwamba ni hadithi, iliyotungwa, ya watu wa zamani wasiokuwepo, kwamba majina niliyatia mimi. Pasta alichukua kitabu, akakifunua, akakinusa hata, akamrudishia kila mtu roho yake kwa kusema ni kweli, ni hadithi ya Wazungu. Kisha akaniuliza mbona nilimtia Papa Célestin, kati ya watu wote.

"Sababu anakuwa muzuri sana," nikasema.

Walicheka. Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Papa Célestin peke yake, na mama, hawakucheka, na kwa sababu hao wawili walikuwa wananingoja, nikamaliza.

"Na minye niliogopa atanibebea mama."

Papa Célestin aliweka kofia chini. Akainama, akaanza kuokota samaki, mmoja mmoja, akiwapuliza vumbi, nami nikainama pia kwa sababu sikuweza kuangalia watu. Tukiwa chini hivyo akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia bei.

"Na mwisho, inakuwaka namna gani?"

Nikamwambia mwisho haupo, umechanwa. Akaniuliza nilikinunua wapi. Nikamwambia sokoni, kando ya mama wa karanga. Akasema "a-ha" tu, akaendelea na samaki. Siku ile hakuzungumza na Kambo juu ya lolote, aliaga akaenda, na mama hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi.

Juma lililofuata alianza kupita kwetu baada ya kazi na karanga. Kila siku karanga, ndani ya karatasi aliyoichana mama wa karanga, iliyokunjwa kama pembe. Alikuwa anamwaga karanga kwenye sahani ya Kambo, ananyosha karatasi juu ya goti, ananipa. Mara ukurasa wa kilimo cha pamba, mara nyimbo za kanisa, mara barua ya mtu. Kambo alikula, akasema muuaji huyu ana karanga nzuri. Juma la tatu nikaona ukurasa wenye daktari wetu, umejaa mafuta na chumvi. Katika zile karatasi sita zilizochanwa tulipata nne.

"Nimekula karanga mpaka tumbo inakataa," akasema. "Soma basi. Minye njo niliua, ao hapana?"

Nilisoma kidole chini ya neno, nikimtafsiria Kambo, na mama akaacha samaki akaja. Muuaji hakuwa daktari. Alikuwa dada wa yule mke wa kwanza, aliyekuwa toka ukurasa wa kwanza akimnyoshea kila mtu kidole. Daktari alikuwa mtu mwema kwa sababu alikuwa mtu mwema, basi, hakuna siri nyingine. Mahali kidole changu kilipokuwa, nilikiondoa.

Kambo akamwambia Papa Célestin asogeze kiti, wazungumze ile habari ya siku ile.

Bado nasoma za historia na za siri, na hotuba za wafalme bado naziruka. Lakini sheria yangu nimeitupa, na jina la mtu anayepumua sitalitia tena ndani ya hadithi. Majina naacha ya Kizungu, na Kambo, kwa kuwa yanamshinda, wanaume wote wa vitabuni anawaita Romain. Na yule niliyemwita muuaji mbele ya mtaa mzima, siku hizi jina lake hata mimi silitaji. Namwita Papa, inatosha.