Nilimla Kondoo wa Dada Yangu kwa Karata

Mkinitemea mate baada ya kusoma haya, sitajifuta. Nilimdanganya mtu aliyekuwa karibu kuwa shemeji yangu, na ninajichukia!

Nilikuwa nauza vinywaji kwenye baa ya hoteli moja Nanyuki. Mgeni akanifundisha mchezo wa ajabu. Kila mtu hupata karata saba: mbili za kwanza zimefunikwa, nne ziko wazi, ya mwisho inafunikwa tena. Ile ndogo kabisa uliyoficha hugeuka karata yoyote utakayo, na zako zote za namba hiyo pia; mwenye nyingi zinazofanana ndiye hushinda. Lakini ya mwisho ikija ndogo zaidi, nguvu zinahamia kwayo na umekwisha. Ndiyo maana unaruhusiwa kuiomba ije wazi.

Niliporudi nyumbani Gatitu nikamfundisha Mwangi, mchumba wa dada yangu. Hiyo ruhusa ya mwisho nikaimeza. Ujanja gani huo? Ushenzi mtupu!

Jumapili moja akapata tano mbili, moja ameificha, pamoja na wafalme wawili. Tano zikageuka wafalme, akawa nao wanne. Damu ikampanda. Akaweka ngoima, kondoo dume ambaye mama yake alikuwa akimnonesha kwa ajili ya ruracio, mahari ya dada yangu. Nilijua, na sikukataa!

"Na hii ya mwisho, lazima ifunikwe?" akaniuliza.

"Sheria iko hivyo," nikamjibu.

Ikaja mbili. Tano zake zikarudi kuwa tano tu, na karata zangu zikamshinda.

Kondoo tulimchinja kwa rafiki yangu. Nilikula mbavu nikalamba vidole. Lo! Siku hizi nikisikia harufu ya mafuta ya kondoo naondoka mezani.

Siku ya ruracio wakwe wakafika bila kondoo. Mwangi alishindwa kusema amempeleka wapi. Wazee wetu wakaona wamedharauliwa, wakawarudisha. Baadaye Mwangi akamweleza dada yangu ukweli, kisha akaoa kwingine, huko Kangema.

Dada alikuja akasimama mlangoni kwangu. Hakulia wala hakunitukana.

"Ati ni wewe ulikula ngoima yangu," akasema. "Ilikuwa na mafuta?"



Wewe unayemfundisha mwenzako mchezo, mpe sheria zote kabla hajaweka kitu mezani. Ukiona kuficha moja ni werevu, jiulize kwanza unayemla ni wa nani. Mimi nilijiuliza nikiwa nimeshashiba.