Dawa ya Uvivu

Juzi ofisini kwa bwana shauri, yule Mzungu wa serikali anayetawala wilaya, mlowezi mmoja wa Usa River alikuwa akimfokea karani, huku mtumishi wake amemshikia kofia.

"Wameru wavivu! Kahawa yangu inaozea mtini."

Mzee mmoja wa Kimeru aliyekuwa kwenye foleni akauliza kwa upole, "Na yangu, bwana, ataichuma nani?"

Mlowezi akamsonta kidole. "Unaona? Ana kahawa yake, ana migomba yake. Atakujaje kwangu? Mpunguzieni shamba!"

Karani akaandika, wala hakuinua kichwa. Mzee akatazama viganja vyake vilivyojaa sugu.

Kumbe ili bwana apate vibarua, sharti kwanza watu wakoseshwe ndizi. Na anayetufundisha kuchapa kazi hawezi kushika hata kofia yake.